Cheti kilikuwa mkononi, bima haikuwepo

Hii stori nimekaa nayo muda mrefu bila kuiandika, maana ukitapeliwa kuna aibu inakushika, unaona bora unyamaze kuliko watu wajue. Lakini wiki iliyopita mdogo wangu kanipigia simu anafurahi, kapata mtu anamkatia bima ya gari kwa bei karibu nusu ya ile anayolipaga kila mwaka, na akanitajia sababu aliyopewa, "jamaa ana mtu wake ndani". Mwili ulinisisimka. Ni maneno yale yale niliyoambiwa mimi. Nikamwambia usilipe kwanza, ngoja nikuandikie kila kitu nilichopitia, kwa hiyo hapa namwandikia yeye na mwingine yeyote mwenye gari, mwenye mzazi anayeumwa, au mwenye chochote alichokikatia bima akalala usingizi.

Wakala wangu nilipewa namba na shemeji. Sikumwokota barabarani, shemeji yangu kabisa, mtu makini, alikuwa kakata kwake mwaka mzima na anamsifia. Na hapa ndo naomba mtu asome taratibu. Bima ni kitu cha ajabu kwenye kununua, ukinunua kiatu kibovu wiki ya kwanza tu unajua, ila bima feki unaweza kutembea nayo miaka 3 huku unawaambia wenzako mtu wangu ni mzuri, mcheki, na hapo hudanganyi, unaamini kabisa, kwa sababu hujawahi kudai. Shemeji alinipa namba kwa moyo mweupe. Alichokuwa anakisifia ni bei na uchangamfu wa yule jamaa, hakuwa na kingine cha kusifia maana gari lake lilikuwa halijapata hata mkwaruzo. Siku hizi mtu akiniambia wakala fulani yuko vizuri swali langu ni moja tu, ulishawahi kudai ukalipwa?

Basi nikamtumia meseji WhatsApp. Akajibu haraka, mstaarabu, anaita watu bosi, akaomba picha ya kadi ya gari na leseni yangu, dakika 10 nikaletewa bei. Nikamuuliza mbona iko chini hivi, akasema yeye anaingiza magari mengi kwa mkupuo kwa hiyo kampuni inampa punguzo, na punguzo lenyewe linafungwa saa 10 jioni. Namba ya kulipia ilikuja na jina la mtu, jina lake yeye, haikuwa ya kampuni. Niliuliza pia hilo, sikuwa nimelala, akasema ukilipa moja kwa moja kwa kampuni mfumo unakusoma kama mteja wa kawaida na punguzo linapotea. Ikaniingia akilini. Kila swali nililouliza alikuwa na jibu lililokaa vizuri, na mimi nikachukulia kuwa mtu mwenye majibu ndo mtu mkweli. Nikalipa saa 9 na nusu.

Kabla hata ya saa 10 cheti kikaingia kwenye simu, nembo ya kampuni kubwa inayojulikana, jina langu, namba ya gari, tarehe ya kuanza na kuisha, saini, muhuri, mpaka kale kamraba ka kuskani. Nikaomba orijino. "Kesho nakuletea bosi." Kesho yake alikuwa safarini, keshokutwa printa ya ofisi mbovu, wiki ikapita, na mimi nikawa nimeshaprinti ile ya kwenye simu nikaiweka kwenye gari nikasahau.

Mwezi wa 7 nikagonga gari la mzee mmoja kwenye foleni. Kosa langu, niliangalia pembeni sekunde moja. Buti lake likaingia ndani, taa ya nyuma upande wa kulia ikapasuka vipande. Mzee akashuka taratibu, hakupiga kelele, akaniuliza "mwanangu umeumia?" Nikamwambia hapana mzee, samahani sana, kosa langu. Akauliza "bima unayo?" Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, ninayo mzee, tena bima kubwa, usiwe na wasiwasi.

Nikapiga namba ya madai iliyoandikwa kwenye cheti, ikawa haipatikani. Nikampigia wakala, inaita mpaka inakata, napiga tena, imezimwa. Hapo nikaingia kwenye tovuti ya kampuni nikachukua namba yao ya huduma kwa wateja, akapokea dada mmoja, nikamsomea namba ya bima. Nikawa nasikia vidole vyake kwenye kibodi. Kimya. "Naomba unirudie tena kaka, taratibu." Nikarudia, tarakimu moja moja. "Chombo chako ni aina gani?" Nikamtajia gari. Akanyamaza kidogo halafu sauti yake ikashuka, ikawa ya upole kuliko mwanzo. "Kaka, hii namba ni ya pikipiki, na muda wake uliisha mwaka juzi."

Mzee alikuwa kasimama palepale ananisubiri, kashika kipande chekundu cha ile taa mkononi. Ile sura siwezi kuisahau. Nilikuwa nimemwambia asiwe na wasiwasi.

Gari lake nililitengeneza mwenyewe, kwa mafungu, miezi 5, na langu likakaa limepinda hivyo hivyo kwa sababu hela ilikuwa inaenda kwake. Na kuna kitu wengi hawakijui, mi pia sikujua, nchi nyingi sheria ikikukuta barabarani haiangalii kama ulidanganywa, inaangalia kama chombo kina bima au hakina. Mimi machoni pa sheria nilikuwa dereva niliyeendesha miezi 7 bila bima. Ukweli kwamba nililipa, nina meseji, nina cheti, unasaidia kumshtaki aliyenitapeli, haumlipi mtu niliyemgonga.

Usiku ule nilikifungua kile cheti kwenye laptopu nikakikuza, miezi yote ile nilikuwa nimekiona kwenye kioo kidogo cha simu tu. Namba ya gari langu ilikuwa imekaa juu kidogo ya mstari, kiduchu tu, kama imepandishwa na ukucha, na weusi wake ni mzito kuliko maandishi ya pembeni yake. Jina langu pia, na tarehe. Zile sehemu tatu tu, kila kitu kingine kilikuwa halali kabisa, muhuri halali, saini halali, vya yule mwenye pikipiki. Na kale kamraba nilipokaskani kakanipeleka kwenye ukurasa wa mwanzo wa tovuti ya kampuni, sio kwenye taarifa za bima yangu, lakini mtu ukiona nembo imefunguka unaridhika.

Nilienda ofisini kwao kutoa taarifa, nikakutana na mama mmoja wa kitengo cha madai ambaye kayaona haya miaka mingi, akanikalisha chini akanielekeza, na alichonifundisha ndo kimenikaa. Akaniambia wewe umepata wa daraja la chini, wanaochezea karatasi tu. Wapo wanaokata bima kweli kabisa kwa jina lako ila taarifa wanazoipa kampuni ya bima ni za uongo, dereva wa miaka 21 anaandikwa 45, gari la biashara linaandikwa la kutembelea, anakoishi panabadilishwa, ili bei ishuke, halafu kwenye nakala unayopewa wewe wanarudisha taarifa zako za kweli. Ukipiga simu kuuliza bima yangu ipo? utaambiwa ipo. Siku ya ajali kampuni ikigundua gari linalosemwa la kutembelea lilikuwa linabeba mizigo, inaweza kukataa kulipa. Na wapo wa tatu, hawa ndo walinishangaza, wanakata bima halali, taarifa halali, wanasubiri wiki moja mbili mteja ahakiki aridhike, halafu wanaifuta ile bima na kurudishiwa hela wao, maana makampuni mengi yana muda wa mteja kughairi na kurudishiwa pesa, na barua pepe na namba ya simu iliyoandikwa kwenye mfumo ni ya wakala. Taarifa ya kufutwa inaenda kwake. Wewe unaendelea kuendesha.

Kwa hiyo akanibadilishia swali. Usiulize kama bima ipo, waombe wakusomee walichonacho, jina, umri, chombo, matumizi, namba ya simu ya mteja, tarehe ya kuanza, na kiasi gani kimelipwa. Ukisikia hela iliyofika kwao ni tofauti na uliyotoa, au namba ya simu sio yako, hapo hapo unajua. Na baada ya mwezi unapiga tena, na namba unayopiga unaitafuta mwenyewe, sio iliyoandikwa kwenye karatasi uliyopewa, sababu mtu aliyeweza kutengeneza karatasi hashindwi kuweka namba ya rafiki yake apokee "huduma kwa wateja". Nchi nyingi pia mamlaka inayosimamia bima ina orodha ya mawakala na madalali wenye leseni, unaangalia jina, na jina la kwenye leseni lifanane na jina la akaunti unayolipia. Mimi yote haya yangenichukua kama dakika 15 hivi, kabla ya ile saa 10 jioni.

Yule mama alinipa pia mfano ambao niliufuatilia baadaye mwenyewe nikakuta ni kweli. Kulikuwa na kampuni Los Angeles, Marekani, inaitwa Equity Funding, ilianguka 1973. Ilikuwa inatengeneza bima za maisha za watu wasiokuwepo duniani, makumi ya maelfu, halafu inaziuza kwa makampuni mengine ya bima kama biashara halali. Wakaguzi wakija wakaomba faili la mteja fulani wanaambiwa faili limeshatoka, mtalipata kesho, na usiku wafanyakazi wanakaa pamoja wanaliandika upya lote, vipimo vya daktari, saini, kila kitu, asubuhi faili liko mezani. Wakaguzi waliosomea kazi hiyo walitazama karatasi wakaridhika. Niliposoma hiyo "kesho" niliikumbuka ya kwangu. Walikuja kuumbuka kwa sababu mtu aliyewahi kufanya kazi mle ndani aliamua kusema.

Sasa mtu anaweza kudhani baada ya hapo nikawa nimemaliza, hapana. Mwaka uliofuata nilikata bima mwenyewe, nikahakiki, safi kabisa, na balaa likaja upande mwingine. Niko barabarani, gari la mbele yangu likafunga breki ghafla, mbele yake hamna kitu, barabara nyeupe, na taa zake za breki hazikuwaka. Nikaligusa kwa nyuma, kugusa kweli, bampa ilipata mkwaruzo wa urefu wa kiganja. Dereva akashuka kashika shingo. Kabla sijafunga mlango wangu kakaa mtu pembeni anasema yeye kaona kila kitu, mimi nilikuwa kasi, na namba yake ya simu ameshaiandika kwenye kikaratasi tayari. Tayari kabisa, yaani alikuwa nayo mkononi.

Kuna kisa cha meli ya mafuta, Salem, ilizama Januari 1980 pwani ya Senegali, ilikuwa imekatiwa bima ya mzigo mkubwa wa mafuta. Mabaharia walipookolewa walikutwa na mabegi yao yamepangwa vizuri, na baadaye ikajulikana mafuta mengi yalikuwa yameshashushwa kwa siri Durban, Afrika Kusini, na meli imezamishwa makusudi. Ajali ya kweli haimkuti mtu na begi lililofungwa. Yule shahidi na kikaratasi chake vilinipa hisia hiyo hiyo, nikaogopa, lakini safari hii uoga ukanifanya nifanye kitu. Nikatoa simu nikapiga picha, sio za bampa tu, nikapiga ndani ya gari lao kupitia kioo, viti vyote, nikapiga barabara mbele, nikachukua video fupi nikisema saa na mahali kwa sauti. Ndani walikuwa watu 2, dereva na mwanamke mmoja mbele. Viti vya nyuma vitupu, kuna mwavuli tu. Nikaita polisi waje waandike, dereva akasema hakuna haja ya kuwasumbua polisi, tumalizane sisi kwa sisi, nikasema mi nasubiri.

Wiki 3 baadaye kampuni yangu ya bima ikanipigia, wamepokea madai ya majeruhi 4. Wanne. Wawili wa nyuma wana maumivu ya mgongo na shingo, na wana vyeti vya hospitali. Nikatuma ile picha ya viti vya nyuma na mwavuli. Sijui yale madai yaliishia wapi ndani kwa ndani, nilichoambiwa ni kwamba ya wale wawili hayakuendelea, na aliyenipigia akaniomba nisiongee na upande ule hata wakinitafuta. Walinitafuta kweli, mara mbili, sikupokea.

Nataka niongelee na gereji, maana hapa ndo nilikaribia kuteleza mwenyewe na naona watu wazuri wengi wanapita hapa bila kujiona. Gari langu lilipopelekwa kwa huo mkwaruzo fundi aliniangalia akaniambia, mwanangu, hapa si tunaingiza na ule mlango uliobonyea zamani? Na taa ile. Bima inalipa, asesa, yule anayekuja kukagua uharibifu, ni mtu wetu, tukimaliza tunajua tunavyokaa. Na mimi nilikuwa na machungu, nimeshalipa gari la mzee miezi 5, nimetapeliwa, nikajisemea moyoni nimelipia bima miaka mingapi bila kuchukua chochote, kuna ubaya gani? Nilikaa na hilo wazo usiku mzima. Kilichonizuia, nasema ukweli wangu, ni sura ya yule mzee na taa yake. Bima ni chungu tunachochanga wengi, hela ya mlango wangu wa zamani ingetoka kwa watu kama yeye, na pia nilikuwa nimeshaanza kusoma. Uingereza kwa mfano Sheria ya Bima ya 2015 inasema mtu akileta madai ya udanganyifu kampuni hailazimiki kulipa yale madai kabisa. Sio kwamba wanakata ule mlango wanalipa mengine, hata mkwaruzo wa kweli unapotea. Na nchi nyingi zina msimamo unaofanana na huo, juu yake ukaandikwa kwenye kumbukumbu zao kama mdanganyifu halafu kampuni nyingine ukienda zinaweza kukupandishia bei au kukukataa. Fundi hayuko kwenye hiyo fomu. Saini iliyopo pale chini ni yako. Nilimwambia fundi atengeneze bampa tu, akaniona mjinga, gari nikalihamishia gereji nyingine.

Na sasa nifike kwa mama, hili ndo linaniuma kuliko la gari.

Mama alikatiwa bima ya afya na wakala aliyekuja nyumbani, kijana mzuri, ana leseni, kampuni ya kweli, hela ililipwa kwa kampuni, risiti ipo. Yaani vile vitu vyote ninavyovikagua mimi vilikuwa sawa. Mama ana presha, anakunywa dawa kila siku asubuhi, na alimwambia. Kijana akasema mama, ukiandika presha watakupandishia bei au watakuzungusha, hii ya kwako ni ndogo, tuache, mimi ndo najaza, wewe weka saini hapa na hapa. Mama kaweka. Alikuwa bado hajavaa hata miwani.

Mwaka haujaisha mama akapata tatizo la moyo, akahitaji upasuaji. Kampuni wakaomba kumbukumbu za hospitali, wakakuta presha ya miaka 9, wakafungua fomu, swali la presha lina alama kwenye hapana, saini ya mama chini. Wakakataa. Tulihangaika ukoo mzima kuchanga, mama akafanyiwa, Mungu mkubwa, yupo, lakini kile kipindi kilimkondesha zaidi ya ugonjwa, alikuwa anarudia kusema "mimi nilimwambia, mwanangu, nilimwambia". Na alimwambia kweli. Ila kwenye bima kuna kanuni ya zamani, kila upande unatakiwa kusema ukweli wote wenye uzito, na ushahidi wa ulichosema ni ile fomu. Wakala analipwa kamisheni fomu ikipita, na kwenye bima nyingi za muda mrefu kamisheni nono ni ya mwaka wa kwanza. Yeye ya kwake alikuwa ameshaipata.

Tulipeleka malalamiko, kwanza kwa kampuni kwa maandishi, halafu kwa mamlaka ya bima. Kilichotuangusha ni kwamba mazungumzo yote na yule kijana yalikuwa ya mdomo. Hakuna meseji hata moja ambayo mama anataja presha. Laiti angeandika tu, hata meseji ya mstari mmoja, "kijana usisahau nina presha", tungekuwa na cha kushika mkononi.

Na kijana huyo huyo, nisisahau hili, alikuwa ameshamshawishi jirani yake mama avunje bima yake ya maisha ya muda mrefu achukue mpya "yenye faida kubwa". Yule mama wa watu alipovunja akarudishiwa kiasi kidogo sana kulinganisha na alichochangia, maana ukivunja mapema thamani inakuwa ndogo, na bima mpya inaanza kuhesabu upya vile vipindi vya kusubiri, na pia ule muda ambao kampuni inaruhusiwa kuchunguza majibu yako, majimbo mengi ya Marekani kwa mfano ni miaka 2 ya mwanzo. Alikuwa ameshavuka huko kwenye ile ya zamani. Akarudishwa mstari wa kuanzia na umri umeenda. Mtu akikwambia vunja hiyo chukua hii, mwambie akuandikie kwenye karatasi unapoteza nini, halafu wapigie wale wa bima ya zamani uwasikie na wao.

La mwisho, haraka haraka, maana mdogo wangu anaweza kukutana nalo akiwa na hasira. Baada ya kutoa taarifa ya yule wakala wangu feki nilipigiwa simu na mtu anayejiita mwanasheria, anajua jina langu, anajua kiasi nilichotapeliwa, anasema jamaa kakamatwa na hela zipo, nilipie ada ya faili zirudi. Nilitetemeka kwa matumaini, karibu nitume. Kisha nikajiuliza huyu kiasi kamili kakijuaje. Nikapiga polisi nilikofungua faili, hawamjui. Majina ya waliotapeliwa yanauzwa na yanagawiwa, na mara nyingine aliyekula mara ya kwanza ndo anamtuma wa pili. Na zile meseji za "ndugu yako wa ukoo kafariki kaacha bima ya maisha, wewe ndo mrithi, lipia gharama za kuachia fedha", ni mle mle.

Mdogo wangu, nimeshapiga ile kampuni aliyokutajia yule jamaa yako, jina lake kwenye orodha ya mawakala wao halipo. Picha ya cheti alichokuahidi kama mfano nimeikuza, angalia na wewe kwenye laptopu, tazama namba ya gari imekaaje kwenye mstari. Shemeji naye nilimwambia wakati ule, akapiga simu akiwa kasimama, akamaliza akiwa kakaa.

Mama amekata bima mpya mwezi uliopita. Bei iko juu, na moyo wameuwekea muda wa kusubiri, tunajua hivyo tangu mwanzo na tumekubali. Wakala alitaka kumsaidia kujaza, mama akachukua kalamu, akatafuta miwani, akasoma swali la presha kwa sauti mpaka mwisho, akaweka alama kwenye ndiyo, na pembeni kwenye nafasi iliyobaki akaandika mwaka alioanza dawa na jina la kila kidonge.